Ukitaka Demio, Anzia Kiti cha Nyuma

Mtu akienda yadini kutazama Mazda Demio, mlango wa kwanza anaoufungua ni wa dereva. Anaketi, anashika usukani, na hapo hapo gari linamteka. Kiti kimemshika vizuri, pedeli ziko pale miguu inapozitaka, dashibodi haina ile plastiki kavu tuliyoizoea kwenye magari madogo. Muda si muda anauliza bei. Nakuomba wewe ufanye kinyume. Sogeza kiti cha dereva mpaka pale unapokiweka unapoendesha, kisha uzunguke, ufungue mlango wa nyuma na uketi nyuma yake. Kama una kijana wa sekondari, nenda naye akae kando yako. Mkitoka hapo na bado mnalitaka, basi tuna la kuzungumza, maana gari hili ninalo, nalipenda, na najua linaponikera.

Ninayoieleza hapa ni Demio ya kizazi cha 4, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2014 na kuipa Mazda tuzo ya gari la mwaka nchini humo kwa msimu wa 2014-2015. Yangu ni ya petroli, injini ya lita 1.3, na makazi yake ni Mombasa: kuvuka daraja la Nyali kuingia kisiwani, Mtwapa mwisho wa wiki, na Nairobi shughuli inapoita. Ukiishi Eldoret au Arusha hesabu zako zitatofautiana kidogo na zangu, lakini gari ni lile lile.

Jua kwanza ni ipi unayouziwa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lazima likaguliwe huko linakotoka kabla ya kupanda meli. Kwa sababu hiyo, Demio nyingi zilizoshuka bandari ya Kilindini miaka ya karibuni zinatoka katika kipindi ambacho Mazda ilikuwa ikibadilisha mambo kwa haraka. Mwaka 2018 injini ya petroli ya 1.3 iliondolewa na mahali pake ikawekwa ya 1.5. Mwaka 2019 jina la Demio likaachwa huko Japani, gari likaitwa Mazda2 kama lilivyokuwa likiitwa katika nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo waweza kuyakuta magari mawili yamesimama sambamba, yamepishana umri kidogo tu, moja lina nguvu za farasi 92 na jingine 110, moja limeandikwa Demio na jingine Mazda2. Muuzaji akikuambia Mazda2 ni gari jipya kabisa, usikubali kulipia jina. Mwili ni ule ule. Uso umeguswaguswa, viti vimeboreshwa, na vifaa vya usalama vimeongezwa.

Usitegemee maneno ya dalali wala nembo iliyobandikwa mgongoni. Soma namba ya chesisi. Ikianza na DJ3, ni petroli ya 1.3. Ikianza na DJL, ni petroli ya 1.5. DJ5 ni dizeli ya 1.5. Herufi inayofuata nayo ina maana: F ni gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, A ni lile linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Kwa hiyo DJ3FS na DJLAS ni magari mawili tofauti kabisa, hata kama rangi yao ni moja na bei imeandikwa kwa kalamu moja.

Hilo la herufi A linahitaji neno zaidi, kwa kuwa hapa kwetu linauzwa kama faida tupu. Gari dogo la magurudumu manne huko Japani hununuliwa zaidi na watu wa sehemu za baridi, Hokkaido na kaskazini ya kisiwa kikuu, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chuma. Ukiniletea Demio ya aina hiyo, kitu cha kwanza nitakachodai ni kuipandisha juu ya lifti nione tumbo lake, bomba la moshi, mikono ya magurudumu na viungio vya breki. Kwetu Pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kutu iliyoanza Hokkaido haitasimama ikifika Kisauni. Na kwa lami ya Mombasa hadi Nairobi, magurudumu manne hayakusaidii kitu isipokuwa kula mafuta zaidi.

Dai pia karatasi ya mnada wa Japani. Gari lililopewa R au RA lilipata ajali likatengenezwa. Si lazima ulikatae, ila bei iseme hivyo. Hasa linganisha kilomita zilizo kwenye karatasi na zilizo kwenye dashibodi, kwa sababu gari ni lile lile hata kama namba zimerudishwa nyuma.

Dizeli na tamaa yake

Nitakaa kidogo kwenye dizeli, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya wengi. Injini ile ina nguvu ya msokoto ya Nm 250, zaidi ya mara mbili ya 121 za petroli ya 1.3. Ukiikanyaga kwenye mwinuko wa Mazeras unasahau kwamba uko ndani ya gari dogo. Inakunywa kidogo, na sauti yake si ya trekta. Ningekuwa naishi Voi na kufanya kazi Mombasa, ningeinunua bila kuulizana na mtu.

Lakini mkazi wa mjini aogope. Kwenye bomba la moshi la dizeli hii kuna chujio linalokusanya masizi, na masizi hayo lazima yachomwe mara kwa mara. Kuyachoma kunahitaji joto, na joto hilo linapatikana gari likienda kwa mwendo mzuri kwa muda wa kutosha. Gari linalotoka Bombolulu hadi Posta, likasimama kwenye foleni, likazimwa, jioni likarudi, halipati muda huo. Masizi yanajaa chujio, mengine yanaganda kwenye njia za hewa za injini, nguvu inapungua, taa inawaka kwenye dashibodi, na fundi asiyeijua injini hiyo anaanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Mafuta yetu yenyewe yameboreka, kwani nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu mwaka 2015 dizeli isizidi salfa ya sehemu 50 katika milioni. Hata hivyo chujio halijali usafi wa mafuta peke yake. Linataka barabara ndefu. Kama huna barabara ndefu katika wiki yako ya kawaida, iache dizeli kwa mwenye nayo.

Ushuru usikupe shida katika kuchagua kati ya injini hizi. Zote tatu hazizidi sentimita za ujazo 1,500: ya petroli kubwa ni 1,496 na ya dizeli 1,498. Kwa hivyo zote zimo kwenye kundi la chini la ushuru wa bidhaa hapa Kenya.

Yanayonifanya nisiliuze

Jambo la kwanza ni mgongo wangu. Kwenye magari mengi madogo, tao la gurudumu la mbele linaingia ndani pale mguu wa kulia unapotaka kukaa, kwa hiyo pedeli zinasogezwa kushoto na dereva anaendesha kiuno kimepinda kidogo bila kujua. Mazda iliyasukuma magurudumu ya mbele yaende mbele zaidi. Umbali kati ya ekseli ukaongezeka milimita 80 kutoka Demio iliyotangulia. Mguu unanyooka sawasawa na pedeli ya mafuta, ambayo imeshikizwa sakafuni badala ya kuning'inia. Mjini hutaliona jambo hili. Utaliona ukiteremka Nairobi baada ya kilomita karibu 480 na usijisikie haja ya kunyoosha kiuno.

La pili ni gia. Wajapani wamejaza magari yao madogo gia za CVT, zile za mkanda, ambazo ukikanyaga injini inapiga kelele kwanza na mwendo unafuata baadaye. Vitz nyingi ziko hivyo, na Honda Fit za petroli pia. Demio hii ina gia 6 halisi za otomatiki. Unakanyaga, inashuka gia moja au mbili, gari linakwenda. Kwenye petroli kuna swichi ya Sport karibu na mkono wa gia. Ijue na uizoee mapema, kwa sababu ndiyo utakayoitumia kupita lori kati ya Mariakani na Voi. Ukiwa na 1.3 upitaji huo unataka hesabu: sukuma swichi kabla hujatoka kwenye mstari wako, hakikisha mbele ni peupe kweli, na kama gari lina watu wanne na mizigo, subiri nafasi nyingine. Farasi 92 hawafanyi miujiza. Hii ndiyo sababu mtu ninayemshauri leo namwelekeza kwenye DJL ya 1.5 kama pesa zinafika. Mjini hutahisi tofauti kubwa. Kwenye barabara ya malori utaihisi, na pale tofauti hiyo ni uhai.

Usukani nao ni mzito kiasi, unajibu palepale. Toleo lililotoka mwisho wa 2016 liliongezewa mfumo unaopunguza nguvu ya injini kidogo sana dereva anapoanza kukata kona, ili magurudumu ya mbele yashike vizuri. Dereva hahisi kitu isipokuwa kwamba gari linakwenda anapolielekeza. Ni raha ya kila siku, na katika magari ya bei hii haipatikani kwa urahisi.

Mafuta: kibandiko cha Japani kinadai kilomita 24.6 kwa lita kwa 1.3 ya magurudumu ya mbele. Isahau namba hiyo. Kwenye foleni ya Nyali na AC ikiwa wazi, tarajia kati ya 12 na 14. Barabara kuu kwa mwendo wa busara, 17 au 18. Bado linakunywa kidogo kwa gari linaloendeshwa hivi.

Yanayonikera

Nyuma ni finyu. Nimeanza na jambo hili na sitalizunguka: mtu wa futi 6 akiendesha, aliye nyuma yake magoti yanagusa kiti. Dirisha la nyuma limepanda juu kuelekea nguzo, kwa hiyo mtoto mdogo anaona mbingu na vichwa vya watu tu, na wengine hutapika safari ndefu kwa sababu hiyo. Watatu nyuma wanakaa, lakini kutoka Mombasa hadi Mtito Andei wa katikati atakuchukia. Mama yangu, mwenye magoti ya umri wake, hukaa mbele bila majadiliano. Kuingia nyuma anaweza. Kutoka ndiko kwenye kazi, kwa kuwa mlango ni mfupi na sakafu iko chini.

Buti ni lita 280, na mdomo wake uko juu. Gunia la unga la kilo 50 linaingia, lakini lazima ulinyanyue hadi kiunoni kwanza. Mwenye duka, mwenye biashara ya samaki, mama wa watoto watatu na pikipiki zao za plastiki, hawa wote watahudumiwa vizuri zaidi na Honda Fit. Honda wameweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kiti cha nyuma kinainuka na sakafu inabaki pana. Siipendi Fit kama ninavyoipenda Demio, lakini kwa kubeba vitu hakuna ubishi.

Tumbo la gari liko karibu na ardhi, takriban sentimita 14. Ukiwa peke yako unapita matuta mengi ukienda polepole kwa mshazari. Ukiwa na watu wanne, tuta lililojengwa na wanakijiji kwa udongo na mawe litakugusa tumbo. Wengi hukimbilia kuweka spesa za kuinua gari. Kama lazima ufanye hivyo, usizidishe na umtumie fundi anayeweza kupima magurudumu upya baadaye, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja na ule usukani niliousifu utapotea.

Kelele ya tairi inaingia ndani. Kwenye lami mpya gari ni tulivu; kwenye lami ya kokoto unapandisha sauti ya redio. Na redio yenyewe ni tatizo la pili, maana redio za Japani huanzia 76 na kuishia 90 au 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kifaa cha kubadilisha masafa kipo na si ghali. Skrini ya inchi 7 nayo huja na ramani ya Japani na maandishi ya Kijapani. Kabla hujalipa, mtake muuzaji akuoneshe skrini ikiwa katika lugha unayoisoma, si ahadi kwamba kuna kijana atakuja kuirekebisha.

Ukirudi nyuma huoni vizuri, kwa sababu nguzo ni nene na kioo ni kidogo. Tafuta lenye kamera.

Mambo ya gereji

Karibu Demio zote hizi zina mfumo wa kuzima injini gari likisimama kwenye taa. Ni mzuri kwa Hiroshima. Mombasa mwezi wa Februari, injini ikizima, kompresa ya AC inasimama nayo, na hewa inaanza kuwa ya moto. Kuna swichi ya kuuzima upande wa kulia wa usukani. Lakini hata ukiuzima kila siku, gari linataka betri maalumu iliyotengenezwa kwa kuwashwa mara nyingi. Wauza betri watakushawishi uchukue ya kawaida kwa nusu ya bei. Mfumo ukiachwa wazi, betri hiyo haitadumu. Iweke gharama ya betri kwenye hesabu yako tangu mwanzo, hasa kwa gari lililokaa melini na yadini muda mrefu.

Oili ya injini ya petroli ni 0W-20. Fundi akikwambia kwa joto letu weka nzito, mwoneshe kitabu cha gari. Badilisha kila kilomita 5,000, kwa kuwa foleni zetu zinaichosha oili kuliko kilomita zinavyoonesha. Oili ya gia ni jambo zito zaidi: gia hii inataka ATF aina ya FZ ya Mazda. Ni ya buluu, na si rahisi kuipata kila duka. Ukimkuta fundi anafungua kopo la oili nyekundu ya magari yote, msimamishe. Gia nzuri kuliko zote katika magari ya bei hii inaweza kuuliwa na kopo moja.

Petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo nozeli hazivumilii uchafu. Jaza kwenye vituo vyenye magari mengi, ambako mafuta hayalali kwenye tangi la chini, na usiendeshe mpaka taa ya mafuta iwake kila mara.

Spea zipo, ila si kama za Toyota. Brekipadi, filta, plagi, bushi na shokamzoba utapata Mombasa. Taa, vioo vya pembeni na vitu vya mwili mara nyingi vitatoka Kirinyaga Road, Nairobi, na vinaibwa sana kwa sababu hiyo hiyo. Choresha namba ya gari kwenye vioo na taa. Mtu anayesafiri mara kwa mara kwenda Garsen, Hola au Lodwar, ambako fundi anajua Probox na Land Cruiser peke yake, atulie na Toyota.

Kisha kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hugundua barabarani usiku: Demio hii haina tairi la akiba. Inakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari. Tairi lililopasuka ubavuni kwa jiwe haliponi kwa gundi, na chupa nyingi zinazofika hapa muda wake umepita. Saizi ni 185/65 R15 au 185/60 R16, kutegemea gari. Nunua tairi na rimu ya saizi yako, jeki na spana ya gurudumu, uviweke butini pamoja na pembetatu za onyo, ukijua kwamba sehemu ya zile lita 280 imekwisha.

Siku ya kulijaribu, nenda asubuhi gari likiwa halijawashwa, usikilize injini baridi. Chukua watu wako, si wa yadi. Washa AC, pita matuta, panda mlima, simama mlimani uone kama gia inashtuka. Fungua kila dirisha, bonyeza kila swichi, rudi nyuma kwenye nafasi finyu. Muuzaji akikukatalia lolote kati ya hayo, yadi ni nyingi kutoka Changamwe hadi Nyali.

Kama wanaosafiri nawe kila siku ni mmoja au wawili, barabara yako ni ya lami na unapenda kuendesha, nunua DJL ya magurudumu ya mbele, ya 2018 au baadaye, yenye kamera na karatasi safi ya mnada. Hakuna gari dogo lililotumika kutoka Japani, kwa bei hiyo, ambalo ningelichagua mbele yake. Kama mko watano, tafadhali waonee huruma wa nyuma na utafute Fit.